Kusimama wima bila kujikaza: nafuu kwa wanawake walioshuka kizazi

KUSHUKA kwa viungo vya nyonga, hali ambayo wengi huiita kushuka kwa kizazi, ni maradhi yanayozungumzwa kwa sauti ya chini katika vijiji vya Machakos. Hata hivyo, mojawapo ya mambo yanayoyachochea huonekana hadharani kila asubuhi: mwanamke aliyebeba mtungi wa maji wa lita 20 mgongoni, ukanda ukiwa umekaza kwenye paji la uso, akipanda mlima kuelekea nyumbani.

Miongoni mwa njia za kukabiliana na hali hiyo bila upasuaji ni kujifunza upya namna ya kusimama, kuketi, kuinama na kubeba. Mkao unaotakiwa ni wa wima lakini uliolegea, wala si ule wa askari aliye kwenye gwaride. Mkao huo hauponyi maradhi haya na haupaswi kuuzwa kama dawa. Manufaa yake ni kwamba huelekeza kwingine sehemu ya uzito ambao ungeiangukia misuli iliyochoka, na mwanamke anaweza kuuzoea pasipo kulipa senti.

Ndani ya nyonga ya mwanamke mna kibofu cha mkojo upande wa mbele, kizazi katikati, na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana upande wa nyuma. Viungo hivyo hushikiliwa na kano kutoka juu na kubebwa na misuli iliyotandazwa chini kama machela, ambayo matabibu huiita sakafu ya nyonga. Kano zikilegea na misuli ikidhoofika au kuchanika, kiungo kimoja au zaidi huteremka na kusukuma kuta za uke. Madaktari huigawa hali hiyo katika daraja nne. Katika daraja la kwanza mwanamke huenda asihisi lolote. Katika la nne kiungo huwa kimetoka nje kabisa.

Dalili yake ya kawaida ni uzito kwenye sehemu za siri, au hisia kwamba kuna kitu kinataka kudondoka. Wengine husema wanahisi kana kwamba wameketi juu ya yai. Uzito huo huwa mdogo asubuhi na kuongezeka kadiri mwanamke anavyoendelea kusimama mchana kutwa. Wengine hushindwa kumaliza mkojo, huvuja wanapokohoa, hupata taabu ya choo kikubwa, au huumia katika tendo la ndoa. Kiuno nacho huuma.

Sababu kuu ni kuzaa kwa njia ya kawaida, hasa mara nyingi, au uchungu unapochukua muda mrefu na mtoto akawa mkubwa. Umri huongeza hatari, na baada ya hedhi kukoma kupungua kwa homoni ya estrojeni hufanya tishu zipoteze unono wake. Kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, unene wa kupindukia na kubeba mizigo mizito huikamilisha orodha. Wapo pia wanawake waliozaliwa na kano dhaifu, ambao hushuka kizazi hata kabla ya kuzaa.

Ukubwa wa tatizo hili katika maeneo ya wakulima ulidhihirika ng'ambo ya mpaka, mkoani Kilimanjaro, nchini Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake 1,195 na kuwakuta asilimia 64.6 wakiwa wameshuka viungo kwa daraja la pili na kuendelea. Wengi kati yao hawakuwa wamefika hali ya kutisha. Walioshuka vibaya walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Lakini miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali mbaya zaidi ni kubeba vitu vizito kwa saa tano au zaidi kwa siku. Maisha ya mkulima wa Kilimanjaro hayatofautiani sana na ya mkulima wa Mwala, Kathiani au Kangundo.

Ili kuelewa kwa nini mkao una maana yoyote, yafaa kuitazama mifupa. Mwanamke anaposimama wima na uti wa mgongo ukiwa na mipindo yake ya asili, mlango wa juu wa nyonga haulali bapa kama mdomo wa sufuria iliyotuliwa mezani. Umeinama kuelekea mbele kwa pembe ya takribani nyuzi 55 hadi 60 kutoka usawa wa ardhi. Kwa sababu hiyo uzito wa utumbo hauangukii moja kwa moja kwenye uwazi wa chini. Sehemu yake kubwa hupokelewa na ukuta wa tumbo na mfupa wa kinena, mfupa ambao haujui kuchoka.

Mambo hubadilika pale mabega yanapoanguka mbele, kifua kikazama na makalio yakakunjwa chini ya mwili. Mpindo wa kiuno hupotea, nyonga hugeuka nyuma, na ule mlango uliokuwa umeinama hukaribia kulala bapa. Uzito hupata njia ya moja kwa moja kuelekea chini, na kazi yote huachiwa machela ya misuli.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, uliowahusisha wanawake 363, ulionyesha kwamba waliokuwa na mpindo wa mgongo usio wa kawaida, hasa waliopoteza mpindo wa kiuno, walikuwa na uwezekano mara 3.2 zaidi wa kushuka viungo. Miaka sita baadaye, watafiti wa Australia walipima misuli ya sakafu ya nyonga ya wanawake waliokwisha kuzaa wakiwa wameketi, na kuona kwamba misuli hiyo hufanya kazi zaidi mtu anapoketi wima bila kuegemea kuliko anapojilegeza kitini.

Matokeo hayo yanahitaji tahadhari. Mwanamke anayehisi kitu kinashuka huinama kwa kujihami, kwa hivyo si rahisi kusema kama mgongo ndio uliotangulia au ni maradhi. Mwandishi Christine Kent wa Marekani, aliyeueneza mkao wa aina hii kupitia kitabu chake Saving the Whole Woman, amewafanya wanawake wengi wauamini. Hata hivyo, dai lolote kwamba mkao peke yake hurudisha kizazi mahali pake limeupita ushahidi uliopo. Kinachoweza kutarajiwa ni nafuu ya dalili: uzito unaopungua jioni, na kuweza kumaliza kazi za siku bila kulazimika kulala.

Kujifunza kwenyewe huanzia miguuni. Mwanamke husimama bila viatu, nyayo zikiwa sambamba na zimeachana kwa upana wa nyonga, uzito ukigawanyika kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya unyayo. Magoti hayakazwi nyuma. Huachwa laini kidogo. Makalio huachwa nyuma yalipoumbwa yawe, kwani kosa linalofanywa na wengi ni kuyakunja ndani kwa kudhani kwamba huko ndiko kunyooka. Njia nyepesi ya kujipima ni kuweka viganja juu ya ncha mbili za mbele za mifupa ya nyonga, kisha vidole vielekezwe kwenye mfupa wa kinena. Alama hizo tatu zikiwa katika ukuta mmoja wa wima, nyonga imekaa vyema.

Kutoka hapo kifua huinuliwa, si kwa kuzitokeza mbavu mbele, bali kana kwamba kuna uzi unaouvuta mfupa wa kifua juu taratibu. Mabega huachwa yateremke. Shingo hurefushwa kwa nyuma, kidevu kikishuka kidogo, na utosi ukawa ndio sehemu ya juu kabisa ya mwili. Asiye na hakika asimame ameupa ukuta mgongo: kisogo, mabega na makalio viguse ukuta, na kiganja kimoja kiweze kupita kati ya ukuta na kiuno. Kiganja kikikosa nafasi, kiuno kimekunjwa. Ngumi nzima ikipita, kiuno kimepinda kupita kiasi.

Sehemu ngumu zaidi kwa wengi ni tumbo. Wasichana hufundishwa kulibana tumbo tangu wanapoanza kujitazama kwenye kioo, na mama aliyejifungua juzi huambiwa alikaze ili lirudi. Lakini pakiti ya maziwa ikifinywa katikati, maziwa hukimbilia juu na chini. Vivyo hivyo tumbo linalobanwa mchana kutwa husukuma shinikizo kuelekea sakafu ya nyonga. Katika mkao huu tumbo huachwa, na pumzi huruhusiwa kuingia hadi chini ya mbavu. Mtu anapovuta pumzi, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hushuka, na sakafu ya nyonga hushuka nayo kidogo. Anapoitoa, vyote viwili hupanda. Mwendo huo mdogo, unaorudiwa maelfu ya mara kwa siku, huiweka misuli hai. Leso inayofungwa kwa nguvu tumboni baada ya kujifungua nayo ingefaa ilegezwe kwa sababu hiyo hiyo.

Hakuna anayeweza kuudumisha mkao mpya kwa saa kumi kuanzia siku ya kwanza. Misuli ya mgongo iliyozoea kuinama huchoka, na mwanamke anayejilazimisha huishia kukakamaa, jambo ambalo ni baya kama kuinama. Dakika mbili au tatu, mara nyingi kwa siku, zinatosha kuanzia: anapongoja maji yachemke, anapongoja matatu, anaposimama katika kwaya. Baada ya wiki kadhaa mwili hurudi katika mkao huo wenyewe.

Kuketi kuna mtihani wake. Kigoda kifupi cha jikoni, ambacho mafundi wa Ukambani hukichonga kwa ustadi unaosifika, huyaweka magoti juu kuliko nyonga na kukifanya kiuno kikunjike. Anayepepeta nafaka au kumenya viazi kwa saa nzima ni heri atafute kiti kirefu zaidi, au aketi ukingoni mwa kigoda na kutanua magoti ili nyonga iweze kuinama mbele. Kochi laini la sebuleni ni baya kuliko kigoda, na tofauti ni kwamba hakuna anayelishuku.

Shambani, wanawake wengi wa Machakos tayari wanayo maarifa yanayofundishwa kwa ada kwingineko. Mkulima mkongwe anayepalilia huinamia kwenye maungio ya nyonga, mgongo ukiwa umenyooka kama meza na makalio yakiwa juu. Kijana aliyezoea dawati huinamia kiunoni, mgongo ukiwa umepinda kama upinde. Aina ya kwanza humwezesha mtu kulima kwa muda mrefu zaidi, na huzuia utumbo kusukumwa kuelekea chini. Hata hivyo, hakuna namna ya kuinama inayofaa kwa siku nzima. Wanawake wa Ukambani waliochimba matuta ya fanya juu katika vikundi vya mwethya, kazi iliyoiokoa milima ya Machakos na mmomonyoko wa udongo, walikuwa wakirusha udongo upande wa juu wa mtaro, na hiyo ndiyo maana ya jina lenyewe. Ni vigumu kubuni zoezi linaloishinikiza nyonga zaidi ya hilo. Mwenye dalili aachiwe kazi ya kupanda nyasi juu ya tuta.

Ubebaji ndio kiini cha suala hili. Kwa jadi mwanamke wa Kikamba hubeba mzigo mgongoni, iwe ni kuni, maji au kyondo kilichojaa mahindi, ukanda ukipita kwenye paji la uso. Mtindo huo huinamisha kiwiliwili mbele, tofauti na kujitwika kichwani, ambako hulazimisha mgongo usimame. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, uliowalinganisha wanawake wa Kiluo waliobeba kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa ukanda wa kichwani. Walibaini kwamba makundi yote mawili yaliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu za ziada.

Utafiti huo ulisifiwa kote duniani, na kwa haki. Lakini hesabu yake inapaswa kusomwa hadi mwisho. Mwanamke mwenye kilo 60 anapewa kilo 12 bila gharama. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, mbali na uzito wa mtungi wenyewe, yaani thuluthi ya mwili wake. Aidha, watafiti walipima hewa ya oksijeni iliyotumika katika kutembea. Hawakupima shinikizo linaloifikia sakafu ya nyonga. Mwanamke anaweza kuwa stadi wa kubeba pasipo jasho huku misuli yake ya chini ikiendelea kulegea.

Kwa aliyeshuka viungo, ushauri ni kugawa mzigo. Mitungi miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, humruhusu kusimama wima. Anapoinua, husogea karibu na mtungi, hutanua miguu, hukunja nyonga na magoti, huibana misuli ya chini kama anayezuia mkojo, kisha hutoa pumzi anaponyanyuka. Kuizuia pumzi wakati wa kuinua ndiko kunakodhuru. Safari zitaongezeka, na hapa ndipo ushauri wa kliniki hugongana na umbali wa mto. Kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya mvua za vuli kuanza, mito mingi ya Machakos huwa mchanga mtupu na watu huchimba ili kuyafikia maji.

Ndiyo sababu mabwawa ya mchanga, ambayo kikundi cha Utooni kilichoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978 kilijulikana kwa kuyajenga, yanastahili kutajwa katika makala ya afya. Ukuta wa saruji huzuia mchanga mtoni, na mchanga huhifadhi maji karibu na makazi. Punda naye hubeba mitungi minne bila lawama. Mahali ambapo punda hayupo, mume mwenye baiskeli au mwana mwenye pikipiki ni sehemu ya tiba, hata kama jina lake halitaandikwa kwenye kadi ya hospitali.

Mkao huenda sambamba na mazoezi ya misuli yenyewe, na hapa ushahidi ni imara zaidi. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mazoezi hayo mwaka 1948. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi za Uingereza, New Zealand na Australia kwa wanawake 447 walioshuka viungo. Waliofundishwa mazoezi ana kwa ana na mtaalamu wa fiziotherapia, katika vikao vitano kwa muda wa wiki 16, walikuwa na dalili chache zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wale waliopewa kijikaratasi cha maelezo peke yake.

Zoezi ni kubana misuli ya haja kubwa na ndogo kwa pamoja na kuivuta juu, kushikilia hadi sekunde kumi, kisha kuiachilia kabisa kwa muda uo huo. Hurudiwa mara kumi, na duru hiyo hufanywa mara tatu kwa siku. Makalio na mapaja hayapaswi kushiriki. Kuachilia ni muhimu sawa na kubana, kwa kuwa misuli isiyopumzika haijengeki. Jioni, kulala chali dakika 15 huku mto ukiwa chini ya makalio hupunguza uzito uliorundikana mchana.

Choo nacho kisipuuzwe, maana kujikamua kila asubuhi hubomoa kilichojengwa usiku. Maji ya kutosha, mapapai, maembe na mboga za majani husaidia. Isyo, yaani mahindi na maharagwe yasiyokobolewa, yana nyuzinyuzi nyingi kuliko muthokoi, ambayo mahindi yake huondolewa ganda kwa kutwangwa, ingawa si rahisi kumshawishi Mkamba aache muthokoi. Choo cha shimo, ambacho wengi hukiona cha kizamani, humchuchumaza mtu katika mkao unaorahisisha haja. Aliye na choo cha kukalia anaweza kuinua miguu juu ya kigoda.

Mkao na mazoezi vikishindwa kuleta nafuu, ipo pesari, kipete cha silikoni kinachowekwa ndani ya uke ili kushikilia viungo. Wazo hilo ni la kale. Wagiriki walitumia nusu ya tunda la komamanga. Daktari au muuguzi aliyefunzwa hupima ukubwa unaofaa na kumwonyesha mwanamke namna ya kukisafisha. Kisiwekwe kitu chochote cha kubuni nyumbani, kwani hukwaruza na kuleta maambukizi.

Yapo mambo ambayo hayangojei mkao. Kutokwa na damu isiyo ya hedhi, hasa baada ya hedhi kukoma, kushindwa kabisa kukojoa, usaha au harufu mbaya, na vidonda juu ya nyama iliyojitokeza humtaka mwanamke afike hospitalini mara moja. Si kila uvimbe ni kizazi, na saratani ya mlango wa kizazi hufichwa na aibu ile ile. Mkojo unaotiririka bila kukoma baada ya uzazi mgumu nao ni dalili ya fistula, ambayo tiba yake ni tofauti kabisa. Katika kaunti ya Machakos, safari huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, ambako mgonjwa huweza kupewa barua ya kwenda hospitali ya Level 5 mjini Machakos kuonana na daktari wa wanawake.

Tatizo ni kwamba wengi hawaianzi safari hiyo. Mwanamke humwambia dada yake kabla ya mumewe, na mumewe kabla ya muuguzi, na kati ya hatua hizo miaka hupita. Wakunga na wahudumu wa afya wa jamii wanaotembelea nyumba wangeweza kuifupisha miaka hiyo kwa kumuuliza kila mama, wiki ya sita baada ya kujifungua, swali moja: je, anahisi chochote kinashuka?

Upasuaji huachiwa hali zilizopindukia au zilizokataa tiba nyingine. Baada yake, madaktari hukataza kuinua vitu vizito kwa muda usiopungua wiki sita, na mara nyingi zaidi. Katika boma ambamo mwanamke ndiye mchota maji pekee, sharti hilo huwa la kwanza kuvunjwa, na viungo vilivyorekebishwa huweza kushuka tena. Inafaa mume, mwana au shemeji awepo daktari anapolitamka, na mitungi iwe imekwisha kupata mbebaji mwingine kabla mgonjwa hajatoka wodini.